Kikao cha Wazazi na Saa za Soko

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 iko wazi: kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi. Mtaala wa umilisi nao unamtaka awe mshirika wa mwalimu, si mlipa karo tu.

Lakini tazama soko la Gikomba jijini Nairobi. Marobota ya mitumba hufunguliwa alfajiri, na asubuhi ndiyo saa ya kuuza. Shule ya sekondari ikiitisha kikao saa nne asubuhi siku ya kazi, mama muuza viatu huchagua kati ya kikao na mlo wa jioni. Asipofika, huambiwa hajali.

Hiyo si haki. Tena mwito wenyewe mara nyingi huhusu karo au utovu wa nidhamu. Nani atakimbilia lawama? Shule za Pumwani na Kamukunji, karibu na soko hilo, zijaribu vikao vifupi vya jioni. Wawakilishi wa madarasa wapite vibandani. Mwalimu apige simu hata mwanafunzi anapofanya vyema. Nyanya na shangazi wanaolea nao waalikwe.

Hayo yakifanyika, mzazi asiyekuja ndipo aulizwe kulikoni.