11 katika Vizio Tisa



Jioni hii nina swali moja tu. Lilitolewa mwaka 2016 katika raundi ya mchujo ya Code Jam, shindano la Google la kuandika programu, kwa jina la Coin Jam. Chukua mfuatano wa tarakimu 32, zote 0 au 1, unaoanza na kuishia kwa 1. Usome kama namba ya kizio cha mbili, kisha cha tatu, hadi cha kumi. Katika vizio vyote tisa isitokee namba tasa, na kila mara utaje kigawo cha kuthibitisha. Leta mifuatano 500.

Nami nilifanya kama wafanyavyo wanafunzi wangu: nikakimbilia kugawa kwa 2, kwa 3, hadi kufikia kipeuo cha pili. Kwa tarakimu 16 kompyuta ilihema, ikafika. Kwa 32 katika kizio cha kumi, kipeuo hicho kinazidi 3,000,000,000,000,000. Nilikwenda kunywa chai, nikarudi, skrini imenikodolea macho.

Nilikuwa najibu swali ambalo sikuulizwa. Hakuna aliyetaka nizisake namba tasa. (Jina lenyewe, tasa, huwa linanichekesha: ndizo hizo zinazozaa namba nyingine zote.) Nilitakiwa kuleta 500 kati ya mifuatano 1,073,741,824, na kuchagua ni juu yangu. Kwa nini basi nisichague ile ambayo kigawo chake kinaonekana kwa macho?

Tazameni 110011. Ni 11 mara 10001. Fanyeni kuzidisha huko kwa kalamu: hakuna pa kubeba hata mara moja, kwa hiyo jibu ni hilohilo katika kila kizio. Kinachobadilika ni thamani ya 11: katika kizio cha mbili ni tatu, katika cha tatu ni nne, mpaka kumi na moja tuliyoizoea. Kwa mfano, katika kizio cha mbili, 110011 ni 51, yaani 3 mara 17.

Basi panga tarakimu 32 kwa jozi 16, kila jozi 11 au 00, ya kwanza na ya mwisho zikiwa 11. Jozi 14 za katikati zinakupa mifuatano 16,384. Vigawo vya kila mstari ni 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10, 11. Programu haigawi chochote, inachapisha tu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: na tarakimu zikiwa 17? Jozi hazitoshelezi. Nikamrudisha kwenye kanuni ya kugawanyika kwa 11 aliyofundishwa shuleni. Hesabu 1 zilizo katika nafasi witiri, hesabu zilizo katika nafasi shufwa; zikilingana, kama katika 11011, vigawo vilevile tisa vinarudi.