Mke kwa Mahari Gani? Wanawake Waliotekwa na Makundi ya Itikadi Kali na Wajibu Wetu Nyamira



Hapa Gusii binti haozwi gizani. Yuko esigani anayepeleka habari huku na huku, wako wazee wa kukaa na kupatana, na ng'ombe huhesabiwa mchana watu wakiona. Naanzia hapo kwa sababu nimekuja kulipinga neno moja tu: "mke". Tunalisikia redioni na barazani: mke wa muasi, mke wa Al-Shabaab. Mke kwa mahari gani?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa Joseph Kony waliingia shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, kaskazini mwa Uganda, wakaondoka na wanafunzi 139. Naibu mwalimu mkuu, mtawa Mwitaliano Rachele Fassera, akawafuata porini kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja. Alipowafikia, kamanda alichukua kijiti akaandika ardhini: 139. Akaandika 109, hao angemrudishia. Akaandika 30, hao angebaki nao. Hesabu ya kutoa, kama ya darasa la tatu. Waliobaki waligawiwa makamanda, na watu wakaanza kuwaita "wake".

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikataa lugha hiyo. Tarehe 4 Februari 2021 ilimtia Dominic Ongwen, kamanda wa Kony, hatiani kwa makosa 61, yakiwemo ndoa ya kulazimishwa na mimba ya kulazimishwa. Hilo la mimba halikuwa limewahi kumtia mtu hatiani katika mahakama hiyo. Alifungwa miaka 25. Ongwen naye alitekwa akiwa mtoto. Majaji walimpunguzia adhabu kwa hilo, hawakumfutia hatia. Nadhani walipima sawasawa.

Kwetu Kenya, Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana waliojiunga na Al-Shabaab wajisalimishe. Miaka miwili baadaye waandishi wa habari walikutana na wanawake wa Pwani walioahidiwa kazi, wakavushwa hadi Somalia, wakabakwa, wakarudi na watoto. Walikuwa wakiishi kwa kujificha: huku wanawaogopa wapiganaji, huku wanamwogopa polisi. Msamaha ule ungewafaa nini? Aliyetekwa asamehewe kosa gani?

Mtasema Nyamira iko mbali na mpaka. Iko mbali, lakini ahadi ya kazi haina mpaka, na binti zetu wanaitafuta kazi hadi Mombasa na ng'ambo. Siku mmoja akirudi, hatapokewa na majaji wa The Hague. Atapokewa na mama yake, jirani zake, mzee wa Nyumba Kumi na wewe chifu.

Basi naomba haya. Usimhoji mbele ya baraza. Mpeleke hospitali kwanza, kisha dawati la jinsia kituoni, akiwa na mtu anayemwamini. Katika barua yako andika "alitekwa", usiandike "aliolewa". Na akija na mtoto, mwandikishe. Cheti cha kuzaliwa hutolewa hata kama jina la baba halikujazwa.