Maana za Maneno ya Kemia kwa Watoto Wetu wa Kidato cha Tano na cha Sita
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Sola)



Katibu wetu aliniomba niseme machache juu ya elimu ya kemia, nami katika bahari hiyo kubwa nimechagua jambo moja tu, yaani maana za maneno yake. Wengi wetu tuna watoto katika Kidato cha Tano na cha Sita. Watoto hao walifundishwa sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha wakaambiwa waisome kwa Kiingereza. Mtoto hukariri maana ya neno pasipo kukosa hata nukta, lakini ukimwambia, "Hebu nieleze mimi mzazi wako kwa lugha ya nyumbani," hunyamaza. Kunyamaza huko kwanitia shaka kuliko alama mbaya za mtihani.

Nianze na tindikali, ambayo vitabu huiita asidi. Sisi husema tindikali hii ni kali, na ile si kali. Neno hili "kali" ndilo linalowapoteza watoto, maana lachukua mambo mawili kwa pamoja. Mkemia huuliza kwanza: je, tindikali imekolea au imezimuliwa kwa maji? Hilo ni swali la wingi wake ndani ya maji. Kisha huuliza: je, ina nguvu au ni dhaifu? Hapo anataka kujua jinsi molekuli zake zinavyoachana na kuwa ayoni zikiingia majini. Asidi hidrokloriki huachana karibu yote, kwa hiyo yaitwa yenye nguvu, hata ukiizimua kwa pipa zima la maji. Asidi iliyomo katika siki ni dhaifu: katika siki ya kawaida, hata molekuli 1 katika 100 haiachani. Lakini asidi hiyo hiyo ya siki ikiwa tupu, isiyo na maji, huchoma ngozi ya mtu, na mkemia angali akiiita dhaifu. Basi mtoto asidhani kuwa dhaifu maana yake haina madhara. Kadhalika asidi salfuriki ya betri ya motokaa, ingawa imezimuliwa, ni yenye nguvu, nayo imewapofusha watu. Tena anayeizimua humimina tindikali katika maji kidogo kidogo, wala hathubutu kumimina maji katika tindikali, kwa kuwa joto lake huchemsha maji na kuyarusha usoni.

Maana yenyewe ya asidi nayo imebadilika. Msweden Arrhenius, katika karne ya 19, alisema asidi ni kitu kitoacho ayoni za haidrojeni ndani ya maji. Mwaka 1923 Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mmoja peke yake, walisema asidi ni kitu kitoacho protoni na besi ni kipokeacho, hata pasipo maji. Mwaka huo huo Lewis, Mmarekani, akapanua zaidi: asidi ni kile kipokeacho jozi ya elektroni. Mwanafunzi aulizwapo asidi ni nini, yampasa kujua ni maana ya nani inayotakiwa.

Sasa chumvi. Jikoni chumvi ni moja. Katika kemia ni ukoo mzima: kila kampaundi ipatikanayo pale haidrojeni ya asidi inapoondolewa na metali ikashika mahali pake. Kwa hesabu hiyo magadi tunayotia katika maharage ni chumvi, ingawa ulimi haukubali. Ajabu ni kwamba maji ya magadi huteleza vidoleni kama sabuni, yaani yana tabia ya alikali. Sababu yake ni kwamba magadi yametokana na besi yenye nguvu na asidi dhaifu, ile ya kaboni, na yule mwenye nguvu ndiye aliyeacha tabia yake. Mtoto wa Usukuma aweza kuliona jambo hili katika sufuria ya mama yake. Na aandikapo Na kuwa alama ya sodiamu, ajue herufi hizo zatoka katika neno natriamu, lililotokana na natroni, jina lile lile la Ziwa Natron.

Neno linalowasumbua kupita yote ni moli. Wengi hudhani ni uzito. Moli ni hesabu, kama dazani na korija. Dazani ya mayai na dazani ya maboga ni idadi moja, lakini mizani haitasema sawa. Vivyo hivyo moli moja ya maji ni gramu 18, na moli moja ya chumvi ya jikoni ni gramu 58.5 hivi. Tangu 1971 moli ilipimwa kwa idadi ya atomi zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Tangu tarehe 20 Mei 2019 imewekwa kuwa idadi kamili: 6.02214076 mara 10 kwa kipeo cha 23. Vitabu vya zamani vingali na maana ile ya kwanza, basi mzazi atazame mwaka wa kitabu kabla ya kukinunua.

Msawazo nitaupitia upesi. Sisi wa nchi ya pamba tukisikia neno hilo twafikiri mizani iliyotulia. Katika kemia hakuna kilichotulia: mabadiliko ya kwenda na ya kurudi yaendelea kwa mwendo mmoja, kama nyumba ya arusi ambayo waingiao na watokao ni sawa, na idadi ya waliomo ndani haibadiliki.

Maneno haya hayakosi Kiswahili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Naomba Chama kitafute nakala moja, iwekwe mezani hapa, ili mtoto ajapo na daftari lake na mzazi wake wapate kulisoma pamoja. Bwana Mwenyekiti, kama wakati ungalipo, niko tayari kwa maswali.