Lundo la Mahindi na Kasi Zinazofungamana



Nimekuja kuyatetea maswali ya kasi zinazofungamana, ambayo wanafunzi wengi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na EGM (uchumi, jiografia na hisabati) huyakimbia. Ngazi inateleza ukutani. Maji yanaingia kwenye tangi lenye umbo la pia. Kasi ya kitu kimoja imetajwa, mtahiniwa anatakiwa aseme kingine kinabadilika kwa kasi gani. Mpe mwanafunzi huyohuyo mlinganyo mtupu, atatafuta derivativu yake na kumaliza kabla hujageuka. Anakwama kwenye hadithi, na kwa maoni yangu sababu kubwa ni haraka ya kuweka namba.

Tuliangalie jambo lenyewe kwenye ghala la nafaka. Makuli wanapakia mahindi kwenye mkanda, na mkanda unayamwaga sehemu moja, juu ya turubai lililotandikwa sakafuni. Lundo linapanda. Likizidi kuwa kali ubavuni, punje zinaporomoka na kulitanua chini, kwa hiyo mteremko wake haubadiliki sana. Kwa mahindi makavu, kimo huwa karibu nusu ya nusukipenyo. Tukikiita kimo h, nusukipenyo ni 2h, na kwa kuwa lundo lina umbo la pia, ujazo wake ni V = 4πh³/3.

Mkanda unamwaga nusu mita ya ujazo kwa dakika, sawa na gunia tatu na nusu hivi za kilo 100. Lundo likifika kimo cha mita 1, linapanda kwa kasi gani?

Mwenye haraka anaandika h = 1 papo hapo. Anapata mita za ujazo 4.19, anatafuta derivativu ya namba hiyo, anapata sifuri. Mahindi yanazidi kumwagika, lakini kwenye daftari lake lundo limesimama. Amekigandisha kitu kilichokuwa kinakwenda, na hapo hakuna kanuni itakayomwokoa.

Aache h iendelee kuwa h. Pande zote mbili za mlinganyo zitafutiwe derivativu kwa wakati: dV/dt = 4πh² × dh/dt. Sasa ndipo namba ziingie. Kwenye mita 1, lundo linapanda karibu sentimita 4 kwa dakika. Kwenye mita 2, ni sentimita 1 tu. Mkanda haujapunguza mwendo hata kidogo, ila lundo la mita 1 lina tani 3 hivi, na la mita 2 lina tani 24. Kila sentimita mpya ya kimo inadai mahindi mengi zaidi ya ile iliyotangulia. Mwanafunzi akiliona hili kabla ya kukokotoa, akatabiri kwamba kasi itashuka, jibu lake likitoka kinyume atajua mwenyewe kwamba amekosea.

Mwaka 1836 William Ritchie, aliyekuwa akifundisha fizikia London, alichapisha kitabu cha kalkulasi kwa ajili ya watu wasio na msingi mkubwa wa hisabati. Akaliegemeza somo kwenye kasi za vitu vinavyokua na kupungua. Maana yake maswali haya yaliingizwa ili kumsaidia anayeanza. Sisi tumeyafanya kikwazo. Tunamkabidhi kijana orodha ya hatua za kukariri, tena juu ya hadithi iliyoandikwa kwa lugha ambayo haongei nyumbani. Mwalimu, mwache kwanza aisimulie kwa Kiswahili, aseme nini kinabadilika na nini hakibadiliki, achore. Dakika tano hizo hazipotei.

Wala hatuna haja ya kukodi ngazi ya vitabuni wakati tuna Mlima Meru. Kutoka kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, hadi kibanda cha Saddle, mita 3,570, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Anayepanda mita 200 kwa saa anapoteza nyuzi 1.2 kila saa, tukiacha kando jua na upepo. Amezidisha kasi mbili: ya joto kwa kimo, na ya kimo kwa wakati. Hiyo ndiyo kanuni ya mnyororo nzima, na wapagazi wanaopita njia ile wanaijua kwa ngozi zao.

Narudi ghalani kwa jambo moja ambalo hata wanaofaulu hulipita. Lundo la mita 2 lina nusukipenyo cha mita 4, na ukingo wake unasogea sentimita 2 kwa dakika. Turubai la chini lina upana wa mita 10, kwa hiyo imebaki mita 1 kila upande. Msimamizi anagawanya 100 kwa 2, anasema wana dakika 50 kabla mahindi hayajagusa sakafu. Lakini zile sentimita 2 ni kasi ya pale kwenye mita 4 tu. Ukingo unapotoka nje unazidi kupunguza mwendo, na ukifika mita 5 unasogea sentimita 1.3 hivi. Hesabuni ujazo wa mwanzo na wa mwisho, gawanyeni tofauti yake kwa nusu mita ya ujazo: mtapata kama dakika 64. Nawaomba walimu wa kidato cha tano waanze na swali hili muhula ujao, na wawatake wanafunzi waeleze kwa maneno zile dakika 14 ambazo msimamizi hakuzihesabu zimetoka wapi.