Barabara ya Kulipia na Manufaa ya Wote



Barabara ni mali ya jamii. Katika nchi kame, ambako mji na mji hutenganishwa na nyika isiyo na maji, ndiyo inayomfikisha mgonjwa hospitalini na mazao sokoni. Basi serikali inapompa mfanyabiashara haki ya kuitoza ada, yatupasa kuuliza: faida itakuwa ya nani, na hasara ataibeba nani? Mpaka wa Meksiko na Marekani umekwisha kutupa jibu.

Kati ya 1989 na 1994, serikali ya Meksiko ilitoa mikataba zaidi ya 50 ya barabara kuu za kulipia, zikiwemo za majimbo ya kaskazini. Zabuni ilishindwa na yule aliyeahidi kuirudisha barabara kwa serikali baada ya miaka michache zaidi. Ili fedha zirudi upesi, ada zikapandishwa mno. Madereva wa malori wakabaki katika barabara za zamani, nyembamba na zenye msongamano, kwa kuwa hazikuwa na malipo. Sarafu ya peso ilipoanguka Desemba 1994 na riba ikapanda, makampuni yakaelemewa. Mwaka 1997 serikali ikatwaa mikataba 23 pamoja na madeni yake. Hivyo hata mwananchi asiye na baiskeli akalipia barabara asiyoipita.

Ng'ambo ya mpaka, huko Texas, wenye mitaji walifungua mwaka 2000 barabara ya Camino Colombia, yenye urefu wa kilometa 35 hivi. Iliyazungusha malori nje ya mji wa Laredo, kutoka daraja la Colombia. Lakini mwaka uleule daraja jipya la malori lilifunguliwa Laredo kwenyewe, na wenye malori hawakuona sababu ya kulipia mzunguko. Mwaka 2004 barabara hiyo ilipigwa mnada. Baadaye mwaka huo jimbo likainunua kwa dola milioni 20. Mwaka 2017 ada ikaondolewa.

Hatusemi kwamba kila ada ni dhuluma. Jijini Nairobi, tangu 2022, anayepita barabara ya juu ya Mlolongo hadi Westlands hulipa, na asiye na uwezo hupita chini bila malipo. Hiyo ni haki, mradi ile ya chini isiachwe kuharibika.

Kwa hiyo, mkataba wa namna hii unapoletwa kwetu, tuulize kabla ya wino kukauka:

1. Je, ipo njia nyingine isiyo na malipo, na nani ataitunza?
2. Magari yakipungua, nani atalipa deni?
3. Mama lishe na wachuuzi wanaoishi kwa wasafiri watafanya nini njia ikihamishwa nje ya mji?
4. Je, wananchi wameusoma mkataba wenyewe?

Asiyeuliza leo atalipa kesho, naye hatapewa hata risiti.