Mwalimu Ugenini Siku za Maradhi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisaju)



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya kazi ya ualimu hapa Kisaju katika siku za Korona. Wengi wetu tumetoka magharibi ya Kenya, na tulidhani tumekwisha kuzoea ugeni. Kumbe ugeni hupimwa siku ya shida.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi, 2020, na siku mbili baadaye Serikali ikaamuru shule zifungwe. Tarehe 6 Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake zilizuiwa, na Kitengela, jirani yetu, ukawa ndani ya mpaka huo. Njia yetu ya kwenda nyumbani hupita hapo. Kwa miezi mitatu, hata mwenye msiba kwao ilimlazimu kutafuta kibali.

Masomo yaliletwa kwa redio. Lakini redio ilifundisha hesabu saa ambayo mtoto yuko malishoni na ng'ombe wa baba yake, na katika nyumba nyingine redio yenyewe haikuwako. Tuliambiwa tunawe mikono mara kwa mara. Nanyi mwajua kwamba hapa wengi wetu hununua maji kwa mitungi.

Shule zilifunguliwa kwa madarasa matatu tu tarehe 12 Oktoba, 2020, na kwa watoto wote tarehe 4 Januari, 2021. Hapo tukapata tabu tusiyoitazamia. Mtoto wa Kimasai humwamkia mkubwa kwa kuinamisha kichwa ili aguswe utosini kwa kiganja. Amri ilikataza kugusana. Mtoto aliinama akangoja, na mwalimu akasimama mbali kama mtu asiye na adabu. Mzee mmoja wa boma la jirani ndiye aliyetuokoa: alisema mtoto ainame palepale alipo, na mkubwa amjibu kwa sauti. Basi mambo yakatulia. Vitabu vyetu vya ualimu havikuwa na jibu hilo; wenyeji walikuwa nalo.

Sasa nafika kwenye neno lililonileta. Walimu wa Serikali waliendelea kupata mishahara. Wenzetu wengi wa shule za watu binafsi hawakupata kitu, kwa maana karo hazikulipwa. Mwalimu mmoja, mwanachama wetu, aliuza mboga kando ya barabara ya Namanga, akiwauzia wazazi wa wanafunzi wake mwenyewe. Aliyemvumilia kodi ya chumba ni mwenye nyumba, Mmasai. Aliyempa maziwa ni jirani. Chama chetu kilimpa pole, kwa sababu hazina yetu ilikuwa ya mazishi tu.

Wazee wangu, tumejifunza kumzika mwenzetu kwa heshima. Na tujifunze pia kumlisha angali hai. Naomba mkutano huu ukubali kwamba sehemu ya michango yetu ya kila mwezi iwekwe mbali, iwe akiba ya mwanachama aliyekosa kazi pasipo kosa lake. Maradhi mengine yatakuja, wala hayatapiga hodi. Yatukute tumejiweka tayari, tusiwaachie wenyeji wetu peke yao mzigo wa watu wetu.