Uvujaji Usioonekana kwa Macho: Hotuba kwa Wahitimu wa Fani za Afya, Voi

Mahafali haya ya wahitimu wa fani za afya yanafanyika katika kaunti ambayo mgonjwa wa kiharusi huweza kuteremshwa kutoka Wundanyi milimani, au kuletwa kutoka Taveta mpakani, akafikishwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi hapa Voi, kisha, daktari akitaka kuuona ubongo kwa MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, kwa kawaida akaelekezwa Mombasa, safari ya kilomita 150 hivi, au Nairobi, ambako ni zaidi ya kilomita 300. Kwa hali hiyo ingetarajiwa kwamba hotuba ya siku kama hii iombe mashine. Inachaguliwa mada nyingine, ambayo ni namna MRI inavyotumiwa kupima uvujaji wa kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, kwa kuwa kipimo hicho kinadhihirisha kuliko vingi kwamba namba inayotoka mashinini haiwezi kuzidi uangalifu wa watu walioiandaa, wakiwemo wale ambao hawajawahi kuikaribia mashine yenyewe.

Kizuizi hicho si utando mmoja uliotandazwa mahali fulani kichwani, bali ni sifa ya mishipa midogo ya ubongo. Seli zinazoifunika mishipa hiyo kwa ndani zimeshikana kwa viungio vya protini vilivyobana, na kwa nje zimezungukwa na seli saidizi ziitwazo astrosaiti, hivi kwamba vitu vingi vinavyosafiri katika damu havipiti kuingia kwenye ubongo ila kwa njia maalumu. Paul Ehrlich aliona dalili zake mwaka 1885, alipowadunga wanyama rangi ikaenea katika viungo karibu vyote isipokuwa ubongo, ingawa maelezo aliyoyatoa mwenyewe, kwamba tishu ya ubongo haishikani na rangi hiyo, yalikuwa na kasoro. Mwaka 1913 Edwin Goldmann aliitia rangi katika majimaji yanayouzunguka ubongo, nao ukashika rangi vizuri; kumbe kilichoizuia ni mpaka uliopo katikati. Viungio vyenyewe vilionyeshwa kwa hadubini ya elektroni mwaka 1967, katika kazi ya Reese na Karnovsky.

Katika maradhi ya mishipa midogo ya ubongo, ambayo huhusishwa na takriban robo ya viharusi vinavyotokana na mshipa kuziba na pia huchangia kupotea kwa kumbukumbu uzeeni, inadhaniwa kwamba mpaka huu hulegea polepole kabla ya mgonjwa kupooza mkono au kupotoka mdomo. Neno "inadhaniwa" limetumiwa kwa makusudi. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba uvujaji na madoa meupe katika sehemu nyeupe ya ubongo huandamana. Kipi humzaa mwenzake ni hoja ambayo haijafungwa, wala kipimo cha uvujaji hakijawa cha kuamulia matibabu ya kila siku wodini.

Upimaji wenyewe huanza kwa kumdunga mgonjwa dawa ya kung'arisha picha yenye gadolini, metali iliyofungwa ndani ya molekuli nyingine ili isiudhuru mwili, ambayo hufanya protoni za hidrojeni za maji yaliyo karibu nayo zirudi upesi katika hali yake ya kawaida baada ya kusukumwa na mawimbi ya redio, na kwa hiyo mahali ilipo huonekana pameng'aa. Palipo na uvimbe wa saratani mng'ao huo huonekana kwa macho. Katika mishipa midogo iliyochoka hauonekani, kwa sababu kiasi kinachopenya ni kidogo mno: kasi yake huhesabiwa kwa sehemu za elfu kumi kwa dakika, yaani katika kila mililita moja ya tishu, dawa inayopenya kwa dakika ni sawa na ile iliyomo katika sehemu chache tu za elfu kumi za mililita ya majimaji ya damu. Mkazi wa kaunti hii aliyelizoea bomba la maji ya Mzima linaloelekea Mombasa anaelewa kwamba tundu dogo chini ya ardhi haligunduliwi kwa kulitazama bomba, bali kwa kulinganisha maji yaliyoingia na yaliyofika kwa muda wa kutosha. Hesabu iliyotolewa na Clifford Patlak na wenzake mwaka 1983 inafuata mantiki ya namna hiyo: dawa iliyojikusanya katika tishu hulinganishwa na ile iliyopita katika damu, zote zikichorwa kwenye grafu, na mwinamo wa mstari unaopatikana ndio kiwango cha uvujaji, huku mahali unapoanzia mstari huo pakionyesha ujazo wa damu iliyomo katika tishu.

Hapo ndipo uangalifu unapopimwa. Mashine yenyewe hupotoka kidogo kadiri dakika zinavyopita, na upotokaji huo unaweza kuwa mkubwa kuliko uvujaji unaotafutwa. Mgonjwa akitikisa kichwa, namba huharibika. Na ikiwa hali ya tishu haikupimwa kabla ya dawa kuingia, hakuna msingi wa kulinganishia. Mapendekezo ya pamoja ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisisitiza kipimo hicho cha awali pamoja na kuendelea kupiga picha kwa angalau dakika 15 baada ya dawa kuingia. Tena, ambaye figo zake zimedhoofika sana hudungwa baadhi ya dawa za gadolini kwa hatari ya ngozi na viungo kukakamaa, kwa hiyo majibu ya maabara ya figo ni sehemu ya kipimo hiki kama ilivyo sumaku.

Na kuna shinikizo la damu, chanzo kikubwa cha viharusi, ambalo mashine haiulizi. Ng'ambo ya mpaka wa Taveta, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wilaya ya Hai nchini Tanzania ilikuwa mahali pa mojawapo ya tafiti chache za Afrika zilizohesabu viharusi kijijini. Kati ya mwaka 2003 na 2006, baada ya tofauti za umri kusawazishwa, walioshikwa na kiharusi kwa mara ya kwanza Hai walikuwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Muuguzi anayemfunga mzee wa Wundanyi kifaa cha shinikizo, akaandika namba na tarehe kwa usahihi, anaandaa nusu ya maelezo ambayo mpimaji wa uvujaji huko Mombasa atayahitaji, na mara nyingi nusu iliyo bora, kwani shinikizo lina tiba inayojulikana ilhali uvujaji hauna.

Mwaka 2022 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, pamoja na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliunganisha papo hapo Mbarara mashine ya MRI yenye sumaku dhaifu, takriban tesla 0.05, ilhali za hospitali kubwa huwa na 1.5 au 3. Ni kazi ya kupongezwa, na kwa mtoto mwenye maji kichwani inaweza kutosha. Kwa uvujaji wa sehemu za elfu kumi haitoshi. Njia nyingine zinazofuatilia maji ya damu yenyewe yanavyopenya, bila kudunga gadolini, zinaendelea kujaribiwa, nazo zinahitaji sumaku yenye nguvu, tena hupima kupenya kwa maji na si kwa dawa, kwa hiyo namba zake haziwekwi katika safu moja na za Patlak. Mhitimu atakayepokea ripoti ya namna hiyo atatazama kwanza ni kwa njia ipi, kwa sumaku ya tesla ngapi na baada ya dakika ngapi, ndipo aisome namba.